Gombaneni Kabla Hela Haijaingia

Mara nyingi hapa tunaongelea mbegu, kitalu na namna ya kupambana na kantangaze kwenye nyanya. Leo naomba tuongelee kitu ambacho hakiuzwi kwenye duka la pembejeo: namna watu wanavyoishi ndani ya kikundi.

Naandika hili kwa sababu vijana wengi wanaunda vikundi haraka haraka ili wapate mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ambayo sheria imeigawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba na mimi nawashauri muuombe. Lakini kumbukeni, ninyi vijana mnakopa kama kikundi na mnarejesha kama kikundi. Kikundi kikivunjika katikati ya msimu, deni halivunjiki.

Maoni yangu ni haya: kikundi kinachokwepa kugombana mwanzoni kina hatari kubwa kuliko kile kinachogombana.

Najua wengi mnaamini kinyume chake. Kikao kikiisha bila mtu kubisha, mwenyekiti anatoka anatabasamu, "sisi tuna umoja sana." Sasa, mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Marekani, Bruce Tuckman, alipitia machapisho 50 kuhusu vikundi vya aina mbalimbali, vikiwemo vya watu wanaopata tiba na ushauri nasaha kwa pamoja na vya watu walio mafunzoni. Akaona hatua zinazofanana. Kwanza watu wanajuana, kila mtu mpole. Pili wanavutana. Tatu wanapatana kuhusu taratibu. Nne ndiyo wanafanya kazi ya maana. Siyo kila kikundi kinafuata mpangilio huo kama reli, lakini somo lake ni kubwa: kuvutana ni sehemu ya kukua. Upole wa mwezi wa kwanza siyo umoja, ni watu ambao bado hawajajuana.

Mvutano usipotokea mapema haupotei. Unajificha kama funza wa kantangaze ndani ya jani, halafu unatokea siku ya mavuno, matenga yapo barabarani na dalali anasubiri. Hapo ndipo mtu anasema, "Mbona fulani hakupalilia hata siku moja na anataka mgao sawa?" Swali ni la haki kabisa, ila limechelewa miezi mitatu.

Na hilo la mtu kutegea msilichukulie kama tabia mbaya ya vijana wa siku hizi. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, aliyekuwa mhandisi wa kilimo, aliwapima watu wakivuta kamba. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kwamba watu 8 wakivuta pamoja, kila mmoja anatoa karibu nusu tu ya nguvu anayotoa akiwa peke yake. Sababu moja ni kwamba hawavuti kwa wakati mmoja. Nyingine ni kwamba mtu analegeza mkono kwa kuwa wenzake wapo. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba mchango wa kila mtu ukionekana wazi, kutegea kunapungua. Kwa hiyo "tutamwagilia wote" siyo mpango. Mpango ni jina la mtu, siku yake na matuta yake, vimeandikwa mahali ambapo kila mwanachama anaona.

Sisi watu wa ugani tulipaswa kulijua hili zamani. Shamba darasa lilianza Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO, kwa wakulima wa mpunga waliokuwa wanasumbuliwa na wadudu. Wakulima kama 25 hukutana kila wiki kwa msimu mzima. Wanagawanyika kwenye vikundi vidogo, wanakagua shamba, wanachora walichokiona kwenye karatasi kubwa, kisha kila kikundi kinasimama kutetea uamuzi wake: tupulizie dawa au tusipulizie? Wenzao wanabisha. Na ndani ya ratiba kuna muda maalum wa mazoezi ya kuishi kama kikundi. Siku hizi mtu akilima kieneo cha maonyesho na kuweka kibao, anakiita shamba darasa. Kibao tumebaki nacho, mabishano tumeyaacha, na mabishano ndiyo yalikuwa darasa lenyewe.

Kwa hiyo, kabla hamjapeleka fomu, fanyeni kikao kimoja cha kugombana. Jibuni maswali haya:

1. Asiyekuja shambani siku yake analipa nini, na analipa lini?
2. Nani anaongea na dalali, na nani mwingine anakuwepo bei ikitajwa?
3. Laini ya simu ya kikundi anakaa nayo nani, na namba ya siri wanaijua wangapi?
4. Bei ikianguka, nani anaamua tuuze au tusubiri?
5. Mtu akitaka kujitoa katikati ya msimu, anaondoka na nini, na sehemu yake ya deni inabaki kwa nani?

Kila mtu aongee kwa zamu, akiwemo yule mdogo kuliko wote. Mwenyekiti aongee mwisho, kwa sababu akianza yeye wengine watasema "naunga mkono hoja" na kukaa. Majibu yenu ndiyo yaingie kwenye katiba. Nimesoma katiba za vikundi zilizonakiliwa stationery mpaka jina la kikundi kingine limebaki ukurasa wa pili. Katiba hiyo haitawasaidia siku ya matenga.

Kuna atakayesema, "Afisa, ukituambia tugombane tutavunjika hata kabla hatujaanza." Inawezekana. Mkiwa kumi mkabaki sita, mmepoteza jioni moja na soda. Mkivunjika baada ya mkopo kuingia, mnapoteza msimu, urafiki na jina lenu kwenye kata, na wale waaminifu watatu ndio watakaolipa deni la wote. Mimi nachagua hasara ya jioni moja.

Ila kugombana siyo kutukanana. Jadilini kazi, hela na muda. Ukoo wa mtu, dini yake na elimu yake viacheni nje ya kikao. Na mkiona hamuwezi kuanza wenyewe, mwiteni afisa ugani au afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu akae pembeni awaongoze. Kazi hiyo ni yetu kama ilivyo ya kukagua wadudu.

Msimu mwema.