Bunge Lisilo na Kulia wala Kushoto

Wapo watu wanaolisifu Bunge la Afrika Mashariki kwa jambo lile lile linalonikera mimi. Wanasema: tazameni kule Arusha, hakuna mambo ya vyama, hakuna kuzomeana, kila mtu kakaa chini ya bendera ya nchi yake na wote ni ndugu. Eti huo ndio Uafrika. Mimi nasema huo si Uafrika, ni usingizi. Bunge lisilo na kulia wala kushoto ni kama mechi ambayo timu zote mbili zimevaa jezi moja: watu wanakimbia, jasho linatoka, lakini aliye jukwaani hajui nani kamfunga nani.

Ndugu msomaji, usinikimbie kwa kuwa nimetaja bunge ndani ya jarida la hadithi na mashairi. Sisi tunaohangaika na riwaya zetu kwenye madaftari ya kaunta tunajua jambo moja: hadithi isiyo na mgongano haisomeki. Na nchi isiyojua inagombana juu ya nini haiongozeki. Basi nivumilie.

Tuanze kwa wenzetu. Bunge la Ulaya lina watu wa nchi 27, lakini hawakai kwa nchi zao. Wanakaa kwa itikadi. Kundi kubwa kuliko yote tangu uchaguzi wa 1999 ni la Chama cha Watu wa Ulaya, EPP kwa kifupi. Hao ni watu wa mrengo wa kati kuelekea kulia: wanataka soko huru lakini si la vichaa, wanaheshimu mali ya mtu, familia na dini, nao hawapendi mageuzi ya haraka. Mjerumani wa namna hiyo anakaa na Mhispania wa namna hiyo, na Mjerumani mwenzake aliye msoshalisti anamwona upande wa pili wa ukumbi. Mwaka 2024 walipata viti 188 kati ya 720. Ukitaka kujua wanataka nini, huulizi wametoka nchi gani. Unaangalia wamekaa wapi.

Nisieleweke vibaya. Mimi si shabiki wa EPP hata kidogo. Kundi hilo ndilo lililosaidia kupitisha, Aprili 2024, zile sheria za kubana wahamiaji, na miongoni mwa wanaobanwa wamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaopita jangwani na kwenye ile bahari ya Mediterania. Lakini angalau najua nani kalifanya. Lina jina, lina kiongozi, lina rekodi ya kura. Nikitaka kumlaumu, najua mlango wa kugonga. Sasa niambie wewe: jambo baya likipita Arusha, tutagonga mlango wa nani?

Mkataba wa Jumuiya yetu ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, na Bunge likazinduliwa Novemba 2001. Kila nchi inapeleka wabunge 9. Ibara ya 50 inasema wachaguliwe na bunge la kila nchi, wasiwe wabunge wa bunge hilo, na wawakilishe, kadiri iwezekanavyo, vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Maneno mazuri! "Mitazamo mbalimbali." Lakini wakishafika Arusha, mitazamo hiyo inavuliwa mlangoni kama viatu vya msikitini. Ndani kuna Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrwanda, Mrundi na wengineo, basi.

Na huko kuchaguliwa kwenyewe ni kichekesho. Aprili 2017 CHADEMA, kikiwa na haki ya viti viwili, kilipeleka Dodoma majina ya Lawrence Masha na Ezekia Wenje. Wabunge walio wengi, ambao ni wa CCM, wakawakataa wote wawili. Chama kikalazimika kutafuta wengine, na Mei wakapita Josephine Lemoyan na Pamela Massay. Sina neno na akina mama hao. Neno langu ni hili: tangu lini Simba ikamchagulia Yanga golikipa?

Hapa ndipo utamu, au tuseme uchungu, unapoanza. CHADEMA ni chama cha mrengo wa kati kulia, nacho kimejiunga na umoja wa dunia wa vyama vya namna hiyo. Kilianzishwa mwaka 1992, na mwanzilishi wake ni Edwin Mtei. Mtei ni nani? Ndiye gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu. Ndiye Katibu Mkuu wa Jumuiya ya zamani kuanzia 1974 mpaka ilipovunjika 1977. Kisha akawa Waziri wa Fedha, akajiuzulu mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Huyo ni mtu wa kulia aliyeijua Afrika Mashariki kwa ndani kuliko wengi. Na kule Uganda kuna DP, chama cha tangu 1954, chama cha Benedicto Kiwanuka aliyeuawa enzi za Idi Amin mwaka 1972. Nacho ni wa mrengo huo huo. Kuanzia 2017 mpaka 2022 Mukasa Mbidde wa DP alikuwa ndani ya ukumbi mmoja na wale wawili wa CHADEMA. Je, walikaa kundi moja? Thubutu! Kundi lenyewe halipo. Yule Mganda, hawa Watanzania, kwisha habari.

Matokeo yake ni nini? Hata ugomvi ukizuka unakuwa wa bendera. Desemba 2017, lilipokuja suala la Spika, wabunge wa Tanzania na wa Burundi walisusia, na Martin Ngoga wa Rwanda akachaguliwa bila wao. Hapakuwa na swali la mkulima, wala la kodi, wala la mtoto wa shule. Swali lilikuwa zamu ya nchi gani kukalia kiti. Miaka mitatu kabla yake, Desemba 2014, walimng'oa Spika Margaret Zziwa baada ya miezi na miezi ya mvutano, na baadaye mahakama ya Jumuiya ikasema hawakufuata sheria. Hizo ndizo vita zetu kubwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Najua kuna mzee atanijibu: kijana, hujui historia, siasa za vyama ndizo zingeivunja Jumuiya. Mzee wangu, shikamoo, lakini kilichoivunja kwanza ni kukosa hicho unachokiogopa. Kumbuka miaka ya sabini. Kenya ilifuata ubepari. Sisi tulikuwa na Azimio la Arusha la 1967. Kulia kulikuwa nchi moja na kushoto nchi nyingine! Sisi tukawaita wao manyang'au, wao wakatuita wala-hewa, na kule Kampala Amin anaunguruma. Itikadi zilipovaa bendera, kutofautiana juu ya uchumi kukawa kutofautiana kwa taifa na taifa. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983.

Lakini je, Wakenya wote walikuwa mabepari? Oginga Odinga na KPU yake, iliyoanzishwa 1966 na kupigwa marufuku 1969, walikuwa wapi? Na Watanzania wote walikuwa wajamaa? Mtei huyo hapo. Kama kungekuwa na bunge ambamo wa kushoto wa Kisumu anakaa na wa kushoto wa Dodoma, na wa kulia wa Moshi anakaa na wa kulia wa Nyeri, ugomvi ungebaki ndani ya ukumbi. Wangetukanana asubuhi, jioni wakapiga kura, kesho yake mpaka uko wazi. Sisemi Jumuiya isingekufa kabisa, maana Amin alikuwa Amin. Nasema ingekuwa na watu wa kuililia katika kila nchi, kwa sababu kila upande ungekuwa na wenzao ng'ambo ya mpaka.

Mwingine atasema kulia na kushoto ni mambo ya Wazungu, yameanzia Ufaransa mwaka 1789 kwa watu wa mfalme kukaa mkono wa kulia, sisi yanatuhusu nini? Huyo namwalika Mtwara. Aje nimpeleke gatini, aitazame bandari yenye kina kirefu, kisha aniulize ilijengwa kwa nini. Ilitokana na ule mradi wa karanga wa Nachingwea na kwingineko, ulioanzishwa mwaka 1947 na serikali ya Uingereza ya chama cha Labour, watu wa kushoto, ambao walitaka dola ilime karanga ili raia wao wapate mafuta ya kula. Reli ikatandikwa, mapauni zaidi ya milioni 30 yakateketea, mwaka 1951 mradi ukatupwa, na watu wa kulia kule London wakaufanya fimbo ya kuwachapia wenzao. Reli imeng'olewa, bandari imebaki. Mji huu umekuzwa na ubishi wa kulia na kushoto wa watu wengine. Halafu mnatuambia sisi wenyewe ubishi huo hautuhusu?

Na huku vijijini ubishi huo tunao kila msimu, ila hatuuiti hivyo. Mkulima wa korosho auze kwa nani? Mfanyabiashara akimfuata nyumbani na kangomba yake, akampa hela mkononi kwa bei ya kutupa, ni uhuru wa soko au ni wizi? Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia Mtwara mwaka 2007 kumkinga mkulima, lakini wapo wanaosema umemfunga kamba. Mwaka 2018 wanunuzi walipotaka kulalia bei, Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kusomba mzigo. Wapo waliopiga makofi, na wapo waliosota kungoja malipo wakalaani. Sasa huo ni nini kama si kulia na kushoto? Nenda kijiweni Chikongola, penye kahawa, utawakuta EPP na wasoshalisti wamekaa benchi moja, hakuna Mzungu hata mmoja.

Tena mambo hayo yanaamuliwa kwa pamoja siku hizi. Ushuru wa bidhaa kutoka nje tunautoza kwa kiwango cha pamoja tangu 2005, na sheria ya forodha ya 2004 ni ya Jumuiya nzima. Chukua mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi walikubaliana mitumba iondoke ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatisha kutunyima soko, nchi moja moja zikarudi nyuma, Rwanda ikabaki na ushuru wake, na mwaka 2018 ikaadhibiwa peke yake. Ndugu msomaji, hilo lilikuwa jambo la kupasua bunge katikati! Wa kushoto wangesema: tulinde viwanda na vibarua wake. Wa kulia wangesema: mwacheni mmachinga atafute riziki, na mama anunue gauni analoliweza. Mimi ningekuwa na wa kushoto. Lakini ningependa kumsikia huyo wa kulia akimtetea kijana mwenye belo lake hapa mtaani kwetu, kwa sauti, kwa jina, ukumbini. Badala yake mambo yakamalizwa na wakubwa, kimya kimya.

Tunajua sisi ladha ya jambo linaloamuliwa mbali. Mei 2013 mji huu uliwaka moto kwa ajili ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa. Sitetei kuchoma nyumba ya mtu. Nasema mahali ambapo hoja haina benchi la kukalia bungeni, hukalia barabarani.

Basi nadai mambo matatu, wala si makubwa.

La kwanza, kanuni za Bunge la Arusha ziruhusu makundi ya itikadi yenye wabunge kutoka nchi zaidi ya moja. Msiniambie tungoje uchaguzi wa wananchi moja kwa moja. Ulaya walianza kuchagua wabunge wao mwaka 1979, lakini makundi yao, likiwamo hilo lililokuja kuwa EPP, yalikuwapo tangu 1953, wakati wabunge bado wanateuliwa na mabunge ya nchi kama hawa wetu.

La pili, kila chama kichague watu wake chenyewe kwa idadi ya viti vyake. Aliyeshinda asimchagulie aliyeshindwa mdomo wa kusemea.

La tatu, lugha. Mkataba wa 1999, ibara ya 137, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaahidiwa kuendelezwa. Kimeendelezwa kwa maneno. Mtu wa kidato cha nne kama mimi, muuza samaki wa Msimbati, mwendesha bodaboda wa Mikindani, tusikie mjadala kwa masikio yetu. Bunge linalobishana kwa lugha ambayo wapiga kura hawaielewi linaweza kuwa na pande kumi na bado likawa halina hata mmoja.

Watu wa kulia, mnaniogopa bure. Nimekaa hapa kuwaombea kiti. Jitokezeni, jiiteni kwa jina lenu, kaeni pamoja, Mganda na Mtanzania na Mkenya. Semeni mnachokitaka juu ya korosho, mitumba na mpaka. Mkishakaa nyinyi, na sisi tutajua pa kukaa. Hapo ndipo tutakapoanza kugombana kama ndugu, maana sasa hivi tunanyamaziana kama wapangaji.