Kuku wa Dzaleka na Ulinzi wa Pamoja

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 40 hivi kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, zipo familia zinazofuga kuku wachache uani. Mpita njia aweza kuliona jambo hilo kuwa dogo mno. Lakini ukiitazama kwa makini hali ya mkimbizi katika nchi hiyo jirani, utatambua kwamba kuku huyo wa uani ni mojawapo ya mali chache ambazo familia yaweza kuzishika mkononi na kuziita zake.

Dzaleka ilikuwa gereza wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, na mwaka 1994 ikageuzwa kuwa kambi. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake kuhusu ajira, mali na uhuru wa kwenda huku na huko. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioishi mijini na vijijini warejee kambini, na kuanzia Mei amri hiyo ikatekelezwa kwa nguvu. Waliokuwa na maduka Lilongwe wakajikuta Dzaleka bila duka.

Haifai kusahau kwamba mwenyeji naye ana shida zake. Ardhi ya Malawi ni finyu na watu ni wengi. Thamani ya kwacha ilishushwa sana Novemba 2023, na Machi 2024 ukame ukailazimisha serikali kutangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Na wakati bei zikipanda hivyo, misaada ya chakula kambini nayo imekuwa ikipunguzwa.

Hapo ndipo kuku anapopata umuhimu wake. Hahitaji shamba wala kibali cha kazi. Koo mmoja hutaga mayai kumi na zaidi, huatamia siku 21, kisha hutoka na vifaranga ambao hata watoto waweza kuwalinda na mwewe. Hujitafutia wadudu na makombo, na pumba kidogo humwongezea nguvu. Siku ya kununua daftari au dawa, jogoo huuzwa na shida ikapungua. Ni akiba ya mtu asiye na benki.

Hata hivyo, akiba hiyo ina adui mmoja mkubwa: mdondo, ambao wengine huuita kideri, na Wamalawi huuita chitopa. Kuku huzubaa, huharisha kijani, hupinda shingo, na baada ya siku chache banda zima huwa tupu. Dawa ya kuutibu hakuna. Kinga ipo, nayo ni chanjo ya matone ya jicho, iliyotengenezwa ili istahimili joto la vijijini, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne.

Kwa nini basi kuku wanaendelea kufa? Sababu moja ni hesabu. Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku mamia, na kikishafunguliwa hakiwekwi muda mrefu. Mwenye kuku watano hawezi kukinunua peke yake, na hata akikinunua, kingi kitamwagwa. Sababu ya pili ni soko. Mtu akiona kuku wa jirani wanakufa, huwahi kuwauza wake kabla hawajafa. Kwa familia yake huo ni uamuzi wa busara. Kwa wengine wote ni hatari, maana tenga moja lenye kuku mgonjwa laweza kuupeleka ugonjwa katika kila kijiji kilicho kando ya barabara iendayo Lilongwe. Amri ya kumzuia mtu asitoke kambini haiwezi kuuzuia ugonjwa.

Kwa hiyo suala hili limevuka mipaka ya ua wa mtu mmoja. Kambi ikichanjwa na vijiji vya Dowa vikaachwa, kazi ni bure. Na vijiji vikichanjwa kambi ikaachwa, matokeo ni yale yale. Linalotakiwa ni kalenda moja kwa mkimbizi na mwenyeji, kabla ya miezi ya joto inayotangulia mvua, pamoja na wachanjaji waliofunzwa kutoka pande zote mbili, na kila kaya ilipe kwa idadi ya kuku wake. Gharama ya mpango huo ni ndogo kuliko kulilisha kila mwaka banda lililokwisha kufa.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa mdondo, kutia maji peke yako hakutoshi. Yafaa kumkinga mwenzako kabla wembe haujamfikia.