KLIPU YA HOKI YA BARAFU ILIWALIZA WATU, ILA MSIMU WA WALE JAMAA WA NAIROBI NANI ALIUFUATILIA?

Kila baada ya miezi kadhaa ile klipu inarudi kwenye status za watu. Vijana wa Kenya wamevaa helmeti na viatu vya kutelezea, magongo mkononi, wanakimbizana juu ya barafu. Halafu ghafla wanatokea Wazungu wawili nao wamevaa jezi ya Kenya, na chumba kizima kinalipuka kwa kelele. Kuanzia Nambis mpaka Katesh, Babati mpaka Dar, watu wanashea. Nusu wanaweka emoji za kulia. Nusu nyingine wanacheka, "Mbongo na barafu wapi na wapi, hao Wakenya nao wamezidi."

Waliolia na waliocheka, wote wamepitwa na stori yenyewe.

Iko hivi. Timu inaitwa Kenya Ice Lions. Inacheza kwenye uwanja wa barafu wa ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi. Uwanja ni mdogo kinoma ukiulinganisha na ule wa NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, ambao una urefu wa mita 61 hivi. Na shida kubwa kuliko zote haikuwa uwanja. Kenya nzima hakukuwa na timu nyingine ya kucheza nayo! Jamaa walikuwa wanajigawa wenyewe kwa wenyewe, leo wewe uko upande huu, wiki ijayo uko ule. Hiyo ndiyo ilikuwa "ligi" yao.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ikawasafirisha mpaka Toronto kucheza mechi yao ya kwanza ya kweli dhidi ya timu nyingine. Wale Wazungu wawili waliotokea chumba cha kubadilishia nguo ni Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa asiyewajua, Crosby peke yake alikuwa ameshabeba Kombe la Stanley mara tatu, 2009, 2016 na 2017. Ni kama uko mazoezini kwenye kiwanja cha vumbi halafu Messi anakuja kukuuliza acheze namba ngapi. Video ikatoka Oktoba 2018, msimu mpya wa NHL ukiwa ndio umeanza, na dunia ikatoa machozi.

Sasa ishu inaanzia hapo. Msimu huo wa NHL timu moja ilicheza mechi 82 kabla ya kufika mtoano. Ndiyo maana msimu wa 2018-19 uliwapa watu stori ya St. Louis Blues. Mwanzoni mwa Januari walikuwa mkiani mwa ligi nzima, na Juni wakabeba kombe lao la kwanza kabisa. Wangehukumiwa kwa klipu ya Januari, wangeitwa takataka. Waliponea kwenye urefu wa msimu, maana mechi zilikuwepo, mishahara ilikuwepo, na kesho yake barafu ilikuwepo.

Ice Lions walipotua Nairobi, kesho yake walikuta nini? Uwanja uleule mdogo. Hamna mpinzani. Viatu vyenye chuma chini haviuzwi mnadani. Halafu 2020 korona ikaja na uwanja ukafungwa. Ilichukua mpaka 2024 ndipo Kenya ikapokelewa rasmi kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo, IIHF. Miaka sita baada ya watu kulia! Katikati hapo kuna watu walikuwa wanatoka kazini, wanapanda matatu, wanaenda kuteleza usiku bila kamera hata moja. Huo ndio msimu wao. Na huo hakuna aliyeushea.

Kuna mdau atasema, "Bila klipu wangepata wapi vifaa na safari?" Ni kweli kabisa. Klipu iliwafungulia mlango, na aliyewapeleka Kanada apewe maua yake. Ila klipu haimlipii mtu saa moja ya barafu wiki ijayo. Anayelipa ni mtu anayefuatilia, anayejua ratiba, anayenunua tiketi, anayeuliza "mnacheza lini tena?"

Na kabla mtu wa Mbulu hajawacheka Wakenya, ajiangalie nyumbani kwake. Baridi ya Juni na Julai Nambis kila mtu anaijua, bodaboda amevaa koti mawili na bado anatetemeka. Barafu ya kuteleza hamna, ila mbio zipo. John Stephen Akhwari ni mtu wa Mbulu. Kila mtu anayo ile video ya Mexico 1968, mguu umefungwa bandeji, anamaliza marathoni wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Inatumika kwenye semina, kwenye mahubiri, kwenye kurasa za kuhamasisha. Haya, nani anajua kuwa miaka miwili baadaye, Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh 1970, Akhwari huyohuyo alishika nafasi ya tano kwa saa 2:15:05? Watu wameshika kuchechemea kwake, mbio zake wameziacha. Bingwa amegeuzwa kuwa mtu wa kuonewa huruma.

Mpaka leo mambo ni yaleyale. Gabriel Geay alimaliza wa pili Boston 2023, sekunde 10 tu nyuma ya mshindi. Watu wakaposti siku moja, kesho yake wakarudi kwenye bifu la mastaa fulani ambao wenyewe wanajijua. Wapo mastaa wa mjini wanaopiga picha na mwanariadha akiwa na medali shingoni, wanaandika "fahari yetu", halafu ukiwauliza mbio inayofuata ni lini, kimya. Na yule dogo anayekimbia saa kumi na moja alfajiri barabara ya vumbi, viatu vimeachama mdomo, anapigiwa kelele na watu wa kijiweni, "We, unakimbizwa na nani?"

Huruma ni rahisi, haina gharama ya bando zaidi ya MB tatu. Heshima ndiyo ngumu, kwa sababu inataka umfuatilie mtu hata siku ambayo hajakuliza wala kukuchekesha. Vijana wa Nairobi hawakuomba kuliliwa. Walikuwa wanatafuta timu ya kucheza nayo.

Kwa hiyo klipu ikirudi tena, ishee, hamna ubaya. Ila kabla hujaweka emoji, tafuta kwanza wanacheza lini. Na kama mtaani kwako kuna dogo anakimbia, anaruka au anarusha chochote, muulize ratiba yake ya mwezi ujao, halafu uende.

Haya mdau, bila kugugo: mtaje mwanamichezo mmoja wa mkoani kwako na mashindano yake yanayofuata. Komenti ziko wazi.