Kijana wa Keroka, ndege si geti la chuma

Pita kwenye vibanda vya jua kali hapa Keroka usikie nyundo. Mageti, majiko, mikokoteni: chochote cha chuma, mafundi wetu wanakiweza. Ndiyo maana kijana akiota kuunda ndege, kwanza anakimbilia mabati na vyuma vya kuchomelea. Hapo ndipo ndoto inakwama ardhini.

Wengi hudhani shida ni injini. Wapi! Ndege ya ndugu wa Wright, iliyoruka Marekani mwaka 1903, ilitumia injini ya nguvu za farasi 12 hivi. Bodaboda ya sisi 150 inakaribia hapo. Siri yao ilikuwa wepesi: mbao laini na kitambaa cha pamba. Miaka michache baadaye, Mbrazili Alberto Santos-Dumont aliruka nchini Ufaransa kwa Demoiselle, ndege ya fremu ya mianzi na mabawa ya hariri. Mianzi, ambayo hata hapa Gusii inamea!

Tena sisi tuko juu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, hewa imepungua uzito kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa, kwa hivyo bawa hubeba kidogo. Kila kilo ya ziada unailipia.

Lakini wepesi si udhaifu. Mwanzi ukikauka vibaya hupasuka, na wadudu huutoboa. Kabla ya mtu kupanda, geuza bawa chini juu, lipakie viroba vya mchanga, uone litavumilia uzito gani. Likivunjika, limevunjikia chini, hakuna aliyeumia. Na usijaribu kuruka bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA. Ujasiri bila vipimo ni kaburi.

Ndiyo maana naona tunawakosea vijana hawa. Tunawapigia makofi, tunawapiga picha, kisha tunawaacha peke yao na mashine ya kuchomelea. Vyuo vya kiufundi vya Kisii na Nyamira viwafungulie karakana, wapime mianzi, vitambaa na gundi wakiwa na mwalimu kando yao. Gharama yake si kubwa kuliko mazishi.

Nawe kijana, weka chuma kando kwanza. Anza na kielelezo kidogo cha mwanzi na karatasi ya nailoni. Kikielea vizuri, ndipo tuongee habari ya injini.