Dari kwanza, vigae baadaye

Wateja wangu wengi wa Mbinga wanataka nyumba ya Dar es Salaam. Wananionyesha picha kwenye simu: madirisha mapana ya aluminiamu pande zote, baraza yenye nguzo, vigae vinavyong'aa mpaka chooni, bati la rangi. Mimi ni fundi ujenzi. Fedha ni za mwenye nyumba na uamuzi ni wake, lakini kabla ya kuchimba msingi huwa namuuliza: mwezi wa saba utalala chumba gani? Wengi hushangazwa na swali hilo. Kisha kipupwe kinaingia, ukungu unavifunika vijiji vya Maguu na Litembo hadi jua la saa nne, na ndani ya nyumba ile nzuri watoto wamejikunyata kitanda kimoja, jiko la mkaa likiwaka katikati ya chumba.

Baridi ya Umatengo, huku milimani Mbinga, inatutesa kuliko inavyostahili kwa sababu tunajenga nyumba za pwani mlimani, halafu tunataka mkaa na umeme vifanye kazi ambayo paa na ukuta vilipaswa kuifanya. Fedha zinazoteketea hivyo kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti zingetumika mara moja kwenye nyumba, zikakaa humo.

Mimi mwenyewe ni mtu wa ziwani, mzaliwa wa Liuli. Kule tuko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa, lenye kina kinachofikia mita zipatazo 700, hutunza joto mwaka mzima. Hata upepo wa kusini unapovuma siku nyingi mfululizo na mitumbwi ya usipa ikabaki mchangani, maji ya juu hayashuki sana chini ya nyuzi 23. Nyumba ya Liuli au ya Mbamba Bay inahitaji upepo upite. Oktoba na Novemba joto la huko ni kali, na anayeziba dirisha anajitesa mwenyewe. Sasa panda barabara ya lami kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga mjini, kilomita 66 tu. Unapanda zaidi ya mita 800, na kwa kila mita 1,000 za kupanda hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Ukiendelea mpaka vijiji vya juu, baridi inazidi. Nyumba moja haiwezi kufaa kote kuwili. Hata hivyo ramani inayojengwa ufukweni ndiyo hiyo hiyo inayojengwa juu, na hili si kwa watu binafsi tu: ramani za madarasa na zahanati zinazotoka juu serikalini nazo zinafanana mno, ziwani na mlimani.

Wazee wa Kimatengo hawakujenga hivyo. Kuta zao zilikuwa za udongo, paa la nyasi, mlango mdogo, moto ndani. Sisemi turudi huko, maana moshi wa nyumba zile uliharibu macho ya bibi zetu na vifua vya wajukuu zao, na nyasi ilishika moto. Ila paa la nyasi lilikuwa nene, na tulipoliondoa tukaweka bati jembamba, hatukuweka kitu kingine mahali pake.

Kwa hiyo nianze na paa, maana hapo ndipo joto jingi linapopotelea. Bati lisilo na dari chini yake, usiku usio na mawingu, hutupa joto lake angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Ndiyo maana alfajiri ya Julai bati linatoa jasho na matone yanaanguka juu ya blanketi. Joto la watu wanne waliolala humo linapanda, linagusa bati, linakwisha. Weka dari, na hewa iliyotulia kati ya dari na bati inakuwa blanketi la nyumba nzima. Si lazima iwe ya jipsamu. Nimeona dari ya mbao nyembamba za msindano, na nimeona ya viroba vya mbolea vilivyofuliwa, vikashonwa pamoja, vikavutwa na kupigiliwa chini ya kenchi. Ilimradi isikaribiane na moto wala taa ya koroboi. Kisha kuna ule mwanya kati ya kichwa cha ukuta na bati, ambao mafundi wengi tunauacha wazi kwa haraka ya kumaliza kazi. Usiku upepo unaingilia hapo. Tofali chache na udongo vinauziba kwa siku moja.

Mama mmoja mkulima wa kahawa alikuwa na fedha za kitu kimoja tu, vigae vya sebule na baraza au dari ya vyumba viwili vya kulala. Alitaka vigae. Akaniambia, "Fundi, wageni hawaangalii juu, wanaangalia chini." Nikamjibu, "Mama, wageni wanaaga jioni, na jioni ndipo baridi inapoingia." Alifikiri siku kadhaa, akachagua dari. Sakafu tukaipiga saruji laini, akatandika mikeka. Kigae ni kitu kizuri Kyela au Lituhi, mahali ambapo mguu unatafuta ubaridi. Mbinga mwezi wa saba mtoto anayekanyaga kigae alfajiri anaruka.

Jambo la pili halina gharama yoyote, ila lazima lifikiriwe kabla ya msingi. Sisi tuko nyuzi 11 kusini mwa ikweta, na Juni na Julai jua letu la mchana liko upande wa kaskazini. Upepo wa baridi unatoka kusini-mashariki. Basi sebule na vyumba vya watoto viwekwe kaskazini, vipate madirisha ya kutosha upande huo, na upande wa kusini-mashariki wawekewe stoo, bafu na madirisha madogo. Tunachofanya sasa ni kuelekeza nyumba barabarani, popote barabara ilipo, ili wapita njia waione. Ukitaka kujua nyumba yako imekaaje, simama uani saa sita mchana mwezi wa sita uangalie kivuli chako kinaangukia wapi. Kinaangukia kusini. Ukuta unaopigwa jua siku nzima ndio ungekuwa wa chumba chako cha kulala.

Kuhusu ukuta wenyewe, tofali za kuchoma zinaweza kusimamishwa au kulazwa. Ukizisimamisha unatumia tofali chache na ukuta unakuwa mwembamba. Ukizilaza ukuta unakuwa mnene, unabeba joto la mchana na kulirudisha ndani usiku. Tatizo ni kwamba tofali nyingi zinataka kuni nyingi za tanuru, na vilima vyetu vimeshakatwa vya kutosha. Ushauri wangu ni kulaza tofali kwenye vyumba vya kulala tu. Au tumia tofali mbichi za udongo zilizokauka vizuri, uzilinde kwa msingi wa mawe, plasta, na paa lililotoka nje ya kutosha. Udongo mkavu hauna aibu yoyote, na unatunza joto vizuri bila kupita kwenye tanuru.

Sasa jiko la mkaa. Hapa sitapunguza maneno.

Asubuhi moja ya kipupwe niliitwa kuvunja mlango wa chumba cha kupanga. Kijana aliyekuwa humo alikuwa hasikii akigongewa. Tulimkuta sakafuni, jiko pembeni likiwa na majivu ya moto, dirisha limesokomezwa matambara kila upenyo. Tulimtoa nje kwenye hewa, akafikishwa hospitali, akapona. Wengine hawapati wa kuwavunjia mlango. Kila msimu wa baridi zinasikika habari za mtu na mkewe, au mama na watoto, waliolala na jiko ndani na hawakuamka. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi ambao watu wanauona salama, ndio unaotoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu anadhani ni uchovu, analala. Akiamka mmoja na kuhisi hivyo, afungue mlango na madirisha, awatoe wote nje, atafute hospitali bila kusubiri kuche.

Na niseme hili kwa sababu nimeshauri kuziba mianya: chumba kinahitaji hewa. Tundu dogo la juu libaki hata kama hakuna moto. Ninachoziba ni upepo unaopita juu ya kitanda.

Wapo wanaosema sasa tuna umeme wa uhakika, tununue hita. Ni kweli Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako, na majenereta ya dizeli yakapumzishwa. Lakini piga hesabu ya LUKU. Hita ya chumba ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa. Ukiiwasha kwa saa nne kila usiku ni uniti nane, na kwa siku 30 ni 240. Mteja mdogo wa nyumbani ananunua umeme wa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Hita hiyo inamtoa kwenye kundi hilo, na kwa bei ya kawaida ya takriban shilingi 356 pamoja na kodi, atalipa zaidi ya shilingi 85,000 kwa mwezi kwa ajili ya chumba kimoja. Na chini ya bati tupu, joto hilo nalo linakwenda angani.

Makaa ya mawe ya Ngaka, hapa hapa wilayani kwetu, yanapita kwenye malori kwenda viwandani na bandarini Mtwara. Wananiuliza kama yangetufaa majumbani. Yakitengenezwa vizuri kuwa mkaa wa kupikia yanaweza kupunguza ukataji wa miti, ila chumbani yana sumu ile ile.

Kuna suala kubwa zaidi ambalo sijasikia likizungumzwa. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mkakati huo unahesabu jiko kuwa chombo cha kupikia. Huku juu jiko lina kazi mbili: linaivisha maharage na linawapasha watu joto. Mpe mama wa huku Mapera mtungi wa gesi, atapika chai haraka na kwa usafi, kisha jioni atawasha kuni kama kawaida kwa sababu gesi haikupasha nyumba joto. Matumizi ya kuni hayataisha katika vijiji hivi kwa mitungi peke yake. Nyumba yenye dari ndiyo itakayomruhusu mama huyo aache moto wa pili.

Kwa familia ambayo bado inatumia kuni, ninachojenga ni jiko la tofali lenye dohani, mgongo wake ukiegemea ukuta wa sebule. Jiko liko upande wa jikoni, moshi unapanda dohani na kutoka juu ya bati, na ukuta unakunywa joto la chakula cha jioni. Watu hukaa upande wa pili, na ukuta unabaki na uvuguvugu hadi wakati wa kulala. Kuni zile zile zimefanya kazi mbili bila moshi kuingia kifuani mwa mtoto. Maharage yakishachemka vizuri, yatie na sufuria yake ndani ya kapu lililojaa blanketi kuukuu, uyaache yajiivishe. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage yanachelewa na kuni zinaisha. Maji ya kuoga yaanze kupata joto mchana kwenye pipa jeusi juani. Usiku, dumu la maji ya moto lililofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa linatosha miguu ya watoto wawili.

Wanaodhani joto la nyumba ni lazima linunuliwe kila siku waangalie Ujerumani. Huko kuna theluji, na mwaka 1991 mjini Darmstadt zilikamilika nyumba za kwanza za aina waliyoiita Passivhaus, zilizofungwa vizuri paa, kuta na madirisha kiasi kwamba zilihitaji sehemu ndogo tu, karibu moja ya kumi, ya nishati ya kupasha joto inayotumika katika nyumba za kawaida. Sisi hatuna theluji. Tunahitaji sehemu ndogo sana ya kazi ile, na vifaa vyake vingi viko Mbinga mjini.

Halmashauri inaweza kusaidia kwa jambo lisilo kubwa: iandae ramani mbili au tatu za nyumba za nyanda za juu, zenye dari na madirisha ya kaskazini, izitoe bure kwa wanaoomba kibali cha ujenzi. Wakaguzi wa shule waulize kuhusu dari za mabweni kama wanavyouliza kuhusu vyoo. Mwanafunzi asiyelala kwa baridi hasomi kesho yake.

Na wewe mkulima, malipo ya kahawa yakiingia, fedha ya kwanza ya ujenzi iende kwenye dari ya vyumba vya watoto. Vigae vitasubiri msimu ujao. Jiko la mkaa usilisubirishe: litoe nje usiku wa leo, kabla hamjalala.