Baada ya Kipigo Kikubwa, Timu Changa Isivunjwe

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husemwa sana na viongozi wa michezo hapa nchini, na mara nyingi husemwa kabla ya mchezo kuchezwa. Tatizo letu ni siku ya pili yake. Timu changa inapofungwa mabao matano au sita na watani wake wa jadi, methali hiyo husahauliwa na badala yake huanza msako: nani kauza mchezo, nani kacheza chini ya kiwango kwa makusudi, mlinda mlango alionekana usiku akizungumza na nani, na mganga gani alilipwa nusu ya ujira wake. Kabla ya juma kwisha kocha amekwisha fungashwa virago, na vijana watatu au wanne wameambiwa wasionekane tena mazoezini.

Sisi tunasema kwamba mwenendo huo ni wa hasara. Wala hatusemi hivyo kwa kuwahurumia vijana tu, ingawa huruma nayo ina mahali pake. Tunasema hivyo kwa sababu kumbukumbu za kandanda letu zinaonyesha waziwazi kwamba kipigo kikubwa ni somo lililokwisha lipiwa ada, na wanaolishika somo hilo ni wale wale waliokuwa uwanjani. Ukiwafukuza, somo linaondoka nao, na watakaokuja baada yao watalazimika kulipa ada ile ile upya.

Tuanze na kipigo ambacho hakijapata mfano katika michezo ya ligi kati ya Simba na Yanga. Tarehe 19 Julai, 1977, Simba iliifunga Yanga mabao 6–0. Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu, Jumanne Hassan mawili, na bao moja mlinzi wa Yanga alijifunga mwenyewe. Watu wengi wanayakumbuka mabao hayo, lakini ni wachache wanaokumbuka kilichoyatangulia. Yanga ilikuwa imetoka katika mgogoro mkubwa uliofikia kilele mwaka 1976, ambapo wachezaji wake kadhaa hodari waliondoka, na kutokana na mgawanyiko huo ikazaliwa klabu ya Pan African. Timu iliyoingia uwanjani siku ile ya Julai ilikuwa ikijengwa upya. Kwa hiyo kipigo kile hakikuanzia katika miguu ya wachezaji. Kilianzia katika ugomvi wa wakubwa.

Je, Yanga ilijikwamua kwa muda gani? Haikuwa kwa wiki moja wala kwa msimu mmoja. Mwezi Oktoba 1979 ilifungwa tena na Simba 3–1, na Oktoba 1980 ikafungwa 3–0. Simba ilitwaa ubingwa wa nchi mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 1976 hadi 1980. Ilikuwa Septemba 1981 ndipo Yanga ilipoifunga Simba 1–0, kwa bao la Juma Mkambi, na mwaka huo huo ikauchukua ubingwa. Mwaka uliofuata iliifunga Simba mara mbili. Kutoka mabao sita hadi bao lile moja ni miaka minne na zaidi. Mwanachama wa leo anayedai kocha alipe kisasi ndani ya siku 14 anaombwa aitafakari hesabu hiyo.

Huyo huyo Kibadeni alikuja kutufundisha jambo jingine akiwa upande wa pili wa shilingi. Tarehe 20 Oktoba, 2013, akiwa kocha wa Simba, timu yake ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa mabao 3–0 mbele ya Yanga. Mtu aliyeshiriki kuwafunga watani mabao sita alijua vema namna matatu yanavyogeuka kuwa sita. Hata hivyo hakujificha nyuma ya wazee wa timu. Aliingiza vijana kipindi cha pili, na Simba ikarudisha mabao yote matatu kwa kazi ya Betram Mwombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze. Mchezo ukaisha 3–3. Jambo la kusikitisha ni kwamba hata kocha huyo hakuumaliza mwaka akiwa kazini.

Tunaomba wasomaji waangalie pia namna mabao mengi yanavyoingia, maana hapo ndipo penye somo lenyewe. Tarehe 6 Mei, 2012, Simba ilipoifunga Yanga 5–0, mpaka mapumziko bao lilikuwa moja tu. Manne yaliingia kipindi cha pili. Tarehe 5 Novemba, 2023, Yanga ilipolipa deni hilo kwa kuifunga Simba 5–1, timu zilikwenda mapumziko zikiwa 1–1. Manne vilevile yaliingia kipindi cha pili. Kwa maneno mengine, katika siku zote mbili timu iliyoaibishwa ilikuwa bado ndani ya mchezo baada ya dakika 45. Iliangushwa na kile ilichokifanya baada ya kufungwa bao la pili.

Wanaoufahamu mchezo huu wanajua kinachotokea. Bao la pili likiingia, kila kijana anataka kuwa shujaa wa kurudisha. Walinzi wa pembeni wanapanda wote kwa pamoja. Viungo wanasahau kurudi. Kati ya safu ya ulinzi na safu ya kiungo panabaki uwanda mpana, na adui anapita hapo kama anayekwenda sokoni. Bao la tatu linaingia, hasira inaongezeka, uwanda unapanuka zaidi. Mabao matano mara nyingi ni kosa moja lililorudiwa, si makosa matano tofauti. Na kosa hilo haliponywi kwa kutukanwa. Linaponywa kwa kufundishwa kwamba kufungwa mawili si aibu, kwamba timu iliyofungwa mawili inaweza kukaa katika nafasi zake, kupunguza mwendo wa mchezo, na kurudi nyumbani na kipigo kinachorekebishika. Timu isiyojua kufungwa mawili ndiyo hufungwa matano.

Ushahidi wa hilo tumeuona karibuni kwa Simba yenyewe. Baada ya yale mabao matano ya mwaka 2023, klabu ilimwondoa kocha wake kutoka Brazil, Roberto Oliveira, siku mbili tu baada ya mchezo, ijapokuwa huo ndio mchezo wa kwanza wa ligi aliopoteza msimu ule. Aliyemfuata, Abdelhak Benchikha wa Algeria, hakuumaliza msimu. Mwezi Aprili 2024 Simba ikafungwa tena na Yanga, 2–1, na ikamaliza ligi katika nafasi ya tatu. Haraka ile haikuleta dawa.

Kisha katikati ya mwaka 2024 klabu ikachagua njia ndefu zaidi. Ilimleta Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini na kusajili wachezaji wengi wapya, wengi wao vijana. Timu hiyo changa ilifungwa na Yanga 1–0 mwezi Agosti, na 1–0 tena mwezi Oktoba. Safari hii kocha aliachwa aendelee na kazi. Matunda yakaonekana kwingine. Katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2025, Simba ilifungwa 2–0 na Al Masry nchini Misri. Ilifungwa mawili, haikufungwa manne. Na kwa kuwa hayakuwa manne, iliweza kuyarudisha yote mawili Dar es Salaam na kushinda kwa mikwaju ya penalti. Katika fainali ugenini Morocco, RS Berkane ilipata mabao mawili ndani ya robo saa ya kwanza. Timu ya mwaka 2023 ingeweza kusambaratika hapo. Hii ya 2025 ilishikilia, na mchezo ukaisha 2–0. Marudiano Zanzibar yalikuwa 1–1. Kombe halikuja, na msimu huo Yanga iliendelea kuwa bingwa tena kwa kuifunga Simba 2–0 mwezi Juni. Lakini hakuna atakayesema kwa haki kwamba timu ile haikuwa imejifunza.

Tunajua yatakayosemwa dhidi ya maoni haya. Itasemwa kwamba mwanachama analipa ada na mpenzi ananunua tiketi, na hivyo wana haki ya kuuliza. Ni kweli, na haki hiyo hatuipingi. Itasemwa pia kwamba wapo wachezaji wazembe, na kwamba hongo si hadithi za kubuni. Nalo hatulikatai. Aliye na ushahidi wa hongo aupeleke kwenye vyombo vinavyohusika, na mchezaji asiyefanya mazoezi aadhibiwe kwa kutofanya mazoezi. Aidha, yapo mabadiliko yanayofaa: baada ya kipigo cha 2012 Yanga ilibadili uongozi, ikatwaa Kombe la Kagame mwezi Julai mwaka huo huo, na msimu uliofuata ikawa bingwa na kuifunga Simba 2–0 siku ya kufungia ligi. Tunachokipinga ni adhabu inayotolewa kwa hasira, bila uchunguzi, ikimwangukia aliye dhaifu kuliko wote. Na katika timu changa, aliye dhaifu kuliko wote ni kijana mwenyewe, hasa mlinda mlango.

Jambo hili si la klabu kubwa za Dar es Salaam peke yake. Kila wilaya ya mkoa wetu ina Simba yake na Yanga yake, ziwe timu za mitaa miwili inayotenganishwa na barabara au shule mbili zinazokutana katika UMISSETA. Huko hakuna kocha wa kigeni wala mishahara. Kuna mwalimu mmoja, mpira mmoja, na vijana wa miaka 15 au 17. Kijana wa Simba akifungwa matano ana mkataba wa kumrudisha mazoezini. Kijana wa mtaani hana kitu kinachomrudisha ila heshima yake. Akizomewa njia nzima hadi nyumbani kwao, akaitwa kwa idadi ya mabao aliyofungwa, siku ya mazoezi hatatokea, na hakuna atakayeandika popote kwamba tumempoteza. Kisha wakubwa wale wale waliozomea watakaa barazani wakilalamika kwamba mkoa hautoi wachezaji.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, viongozi wa timu wajiwekee mwiko wa kutofanya uamuzi wowote kuhusu kocha au mchezaji katika wiki ya kwanza baada ya kipigo. Maamuzi ya kudumu hayafai kufanywa na watu wenye hasira ya siku moja. Pili, kocha awakusanye vijana wake, awaonyeshe kwa utulivu ni dakika ipi mchezo ulipowatoka na kwa sababu gani, kisha wafanye mazoezi ya hali hiyo hiyo: kucheza wakiwa nyuma kwa mabao mawili. Tatu, utafutwe mchezo mwingine mapema, na vijana wale wale wapangwe, pamoja na mlinda mlango yule yule. Mchezaji aliyefungwa matano na kisha kuwekwa benchi mwezi mzima hubaki na mabao hayo kichwani mwezi mzima. Nne, wazee waliowahi kuzichezea timu hizi wajitokeze. Neno la mchezaji wa zamani anayesema, hata sisi tulifungwa, na hivi ndivyo tulivyorudi, lina uzito kuliko hotuba ya mgeni rasmi.

Kwa washindi nao tuna neno. Utani wa jadi ni mali yetu, na anayefunga matano ana haki ya kutamba. Lakini mtani wa kweli humtania mwenzake akijua kwamba kesho atamhitaji, maana pasipo mpinzani hakuna mchezo. Waliotamba mwaka 1977 walinyamazishwa 1981. Waliotamba 2012 walilipwa 2023.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo likivunjika, mhunzi huliunganisha au hufua jingine. Hawafukuzi wanafunzi wake waliokuwa wamelishika. Viongozi wa timu zetu, wakubwa kwa wadogo, hawana budi kufanya vivyo hivyo: siku ya mazoezi ya kwanza baada ya kipigo, wahesabu vijana waliofika, na kwa kila mmoja asiyeonekana, mtu mzima afunge safari hadi kwao kumwita.