KABLA YA KUMWAMBIA KIJANA ASAMEHE



Ndugu yangu, leo tuzizungumze hizi semina za amani za vijana wetu wa Pwani. Tangu mwaka 2014, polisi walipoingia Masjid Musa hapo Mombasa, kisha mwezi wa Juni watu zaidi ya 40 wakauawa Mpeketoni, semina hazihesabiki. Kijana hupewa fulana, chai na nauli, akasomeshwa ubaya wa misimamo mikali, akapigwa picha. Sizipingi. Nimeketi katika nyingi na chai yake nimeinywa.

Lakini mtazame aliyeketi kwenye kile kiti. Yuko ambaye babake alichukuliwa usiku na hadi leo hajulikani alipo. Yuko aliyevuka kwenda Somalia akarudi, na aliyoyaona huko hamwambii hata mamake. Hawalali. Mlango ukigongwa kwa nguvu, moyo wamruka. Wengine wameshaingia kwenye vidonge ili wapate usingizi. Huyo ndiye anayeambiwa: simama utusimulie, kisha umkumbatie mwenzako.

Wahshi ndiye aliyemuua Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), siku ya Uhud. Baadaye akasilimu, akakubaliwa, hakulipiziwa kisasi. Lakini katika riwaya ya Bukhari, Mtume alimuuliza kama anaweza kutomwonyesha uso wake. Fikiri hapo. Alikwisha kumsamehe, na bado kumtazama kulimuuma. Sasa wewe mwenye mradi, wamtaka mtoto wa miaka 19 afanye nini mbele ya kamera?

Nasi masheikh tuna letu. Kijana akija kusema halali, twamjibu imani yake ni dhaifu, au ana jini. Nabii Yaaqub alilia hadi macho yakawa meupe kwa huzuni ya mwanawe, naye ni Nabii! Kiwewe ni maradhi, na Mtume ametuamrisha tujitibu. Asomewe ruqya, na kliniki apelekwe. Kimoja hakizuii kingine.

Rai yangu ni hii: semina zipunguzwe, na fedha zake alipwe mshauri nasaha wa kuja mtaani kila wiki, mwaka mzima, na wasichana wapate mwanamke wa kuzungumza naye. Na siri ilindwe. Hapa ndipo miradi mingi inapokwama, kwa sababu kijana anaogopa kwamba atakalolisema asubuhi litafika kituoni jioni. Asipoondolewa hofu hiyo, atakuambia yale unayotaka kuyasikia, achukue nauli aende zake.

Na wewe mzazi mwenye kijana wa namna hii nyumbani, usimlazimishe aseme. Keti naye. Siku ya kwanza ya kwenda hospitali fuatana naye, maana akienda peke yake ataishia njiani.

Wallahu a'lam.